Pasi ya Stima Ofisini kwa Edah

Mama Nanjala,

Maziwa yako kwa sufuria ndogo, chemsha tena kabla watoto hawajatoka shule. Mimi nimeenda Bungoma. ~~Ni mambo ya kazi tu.~~ Ni aibu yangu.

Leo Jumatatu asubuhi kompyuta yetu ya hapa Kitale iliganda ikingoja mafaili kutoka kwa ile kubwa ya Bungoma. Kila nikijaribu, inaandika ati ile kubwa haijibu. Nikakasirika, nikapigia meneja wao simu nikasema dada yako Edah, anayeichunga hiyo kubwa, analala kazini. Akamfukuza papo hapo.

Baadaye ndio nikakumbuka. Jumamosi, tukienda harusi Sirisia, sikutaka pasi ya makaa ichafue shati langu. Edah akanifungulia ofisi yao ya Bungoma nitumie stima. Alinionya, "Shemeji, hiyo plagi usiguse." Ilikuwa ya ile kompyuta kubwa. Nikaing'oa ndio nichomeke pasi, na sikuirudisha.

Tafadhali usimpigie kabla sijafika. Nataka meneja asikie ukweli kwangu, Edah akiwa hapo.

Nimevaa lile shati la harusi, ndilo safi lililobaki. Bado limenyooka.

Baba Nanjala