Vitenge vya Padre Jovitus

Seminarini, Jumapili 2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, sijui mgongo wako na mizigo ya Guangzhou. Simu tunapewa Jumapili tu, kwa hiyo naandika mbio.

Umeuliza Kigiriki cha kale kinaninyimaje usingizi. Wana neno *hina*, yaani "ili". Kitenzi kinachofuata hubadili umbo, maana ni kusudi tu, huenda lisitimie. Halafu wana *hoste*, "hata": alichoka hata akaanguka. Kama alianguka kweli, kitenzi hukaa katika umbo la kutoa habari. Kama uchovu ulitosha tu kumwangusha, huja umbo jingine, kama "kuanguka", na hujui kama alianguka. Nikifeli Ijumaa, Julai sipewi ushemasi.

Mwanao, Jovitus

Sanyuanli, Guangzhou, 5 Machi

Mwanangu Jovi,

Milele amina. Mgongo ni ule ule, nikikaa unauma, nikisimama unauma. Kigiriki chako nimekielewa kibiashara: *hina* ni oda tu, *hoste* ni mzigo uliofika.

Sasa sikia. Bei ya kuchapa inapanda, nami sijawahi kungoja bei. Nimeshaagiza vitenge vya parokia nzima kuvaa siku ya upadrisho wako, pale soko la Guangyuan Xilu, picha yako katikati, "Padre Jovitus". Njambi, Mkenya ninayeishi naye, kaniuliza, "Umeoda padre kabla hajaiva?" Nikamwambia haraka yangu ndiyo iliyokusomesha. Kontena linapakiwa tarehe ishirini.

Ila barua nzima ni Kigiriki, juu yako mwenyewe hujaandika kitu. Kuna nini?

Mama yako

Guangzhou, 18 Machi

Jovi,

Hujambo, baba? Jumapili mbili kimya. Nina wasiwasi hadi laoban, mwenye duka, ameniuliza kama naumwa. Kama umefeli sema, watu wanaishi bila Kigiriki na wanakula. Mtu wa kontena nikimwomba asubiri, anasema meiyou, hakuna. Niandikie.

Mama

Seminarini, Jumapili 23 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijafeli. Nimeongoza darasa.

Nilitaka nifeli, ili walezi wanirudishe nyumbani wao, nisikwambie mimi. Nilipania kuacha karatasi tupu. Likaja swali la *hoste*, nikakumbuka nilivyokueleza, nikalijibu, na lililofuata, hadi kengele ikalia. Kigiriki nakipenda, Mama. Upadre siutaki, miaka miwili sasa. Jumapili zile nilishika simu nikaogopa kukuandikia. Najua tarehe ishirini imepita, ila kama vitenge bado viko huko, naomba uvizuie.

Mwanao

Guangzhou, 25 Machi

Jovitus,

Marahaba. Nimelia, sikufichi, na hasira bado ninayo. Miaka miwili ni mingi kumficha mama.

Vitenge viliondoka kabla hujaandika. Sitavizuia bandarini, wala sitampigia paroko nikusemee. Utavipokea wewe, na watu wa parokia utawaambia wewe, kwa mdomo wako.

Tiketi ya kurudi nimekata. Siku hiyo nitakaa kanisani benchi la mbele. Ukizidiwa, niangalie mimi.

Mama yako