Rupia za Baba Zilizooshwa kwa Majivu

Kwa Mama yangu mpendwa, huko nyumbani Matulo,

Salamu nyingi, Mama. Hujambo? Goti je, bado linakusumbua ukipanda kutoka kisimani? Yale mahindi ya shamba la chini mmepalilia, ama mvua imewanyima nafasi? Mimi huku Dubai mwili ni mzima, nakula, nalala, naenda kazini. Moyo ndio hauko sawa, na sitakudanganya.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hushiki. Miezi mitatu sasa. Nikipiga, inaita mpaka inakata. Nikimpigia Nafula akiwa huko nyumbani, dada yangu huyo ananiambia, "Mama ako hapa, lakini anasema ana kazi." Ni kazi gani hiyo haiishi, Mama? Barua hii nampa mwenzangu wa Bungoma anayerudi likizo. Ataiacha kwa Nafula pale Kibomet, kwenye cherehani yake, naye akuletee. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimwachie Nafula akusomee, maana ataruka mahali akikuonea huruma.

Ni maneno ya zile rupia.

Wacha niyaseme kutoka mwanzo, kwa sababu nimeona hatukuwahi kukuambia vizuri, mimi wala mzee. Baba alianza kununua pesa za zamani akiwa karani wa ghala la mahindi Kitale. Mkulima mmoja wa kule Kwanza, upande wa juu wa Kitale, aliyeleta magunia alimwonyesha rupia ya fedha aliyoachiwa na babake ambaye alikuwa mpishi wa Mzungu. Baba akainunua, na kutoka siku hiyo hakuacha. Wenzake walinunua ng'ombe, yeye akanunua rupia, na ile pauni moja ya dhahabu. Nilipokuwa darasa la saba akaanza kunifundisha. Unaweka sumaku karibu. Ikinaswa, hiyo si fedha. Unaidondosha mezani usikie inavyolia. Unaipima kwa ile mizani ndogo, unaifunga kwa kitambaa cha pamba, halafu unaiacha. "Usiisugue hata siku moja," alikuwa ananiambia. "Huo weusi ndio umri wake, na mnunuzi analipia umri." Hayo yote alinifundisha mlango ukiwa umefungwa. Wewe ukibisha kuuliza kama tunataka chai, alifunika sanduku na gazeti.

Sijui kwa nini alikuwa anakuficha. Nafikiri aliogopa itasikika kijijini ati ana dhahabu ndani ya nyumba. Na mimi, wacha niseme ukweli, nilipenda kuwa yule anayejua.

Nilikuja huku na akili hiyo hiyo. Kusimama mlinzi kwenye mlango wa duka la dhahabu kutwa nzima kunakufanya ujue bei kuliko unavyojua siku ya wiki. Kila baada ya miezi michache nilinunua sarafu moja ya fedha, ile ndogo. Kabla sijalipa nilimpigia Baba. Ananiuliza bei ya leo, anasema "Chukua" ama "Ngoja, itashuka." Mara nyingi alikuwa sawa. Lakini Mama, nikikumbuka sasa, ile simu yetu ya mwisho alikuwa anakohoa mpaka hawezi kumaliza neno, na mimi nilikuwa nauliza kama kuna kitu kipya kimeonekana kule Kwanza. Sikumuuliza hata amekula nini.

Akafariki, na mimi sikuja. Niliwaambia nyinyi ati kazini wamekataa kunipa ruhusa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mlipokaa chini ya tenti kugawa vitu vyake, Nafula alinipigia kwa video ili nami niwe pale. Najua desturi yetu. Vitu vya marehemu mjane huviosha kwa mikono yake kabla havijapewa watu. Ulikuwa umefua makoti yake, umesugua kiti chake kwa mchanga, hata fimbo umeosha. Lakini haikuniingia akilini kwamba ungefungua lile sanduku. Nafula akageuza simu, nikaona rupia zote kwenye ungo, nyeupe, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Majivu, limau na ule waya wa kusugulia sufuria. Nikapiga kelele. "Mama, umeharibu! Nani alikutuma uguse vitu hujui?" Mbele ya baba wadogo, mbele ya watu wa kanisa, mama mzazi na nguo za msiba mwilini. Nafula akakata simu.

Mimi niliona bei tu. Rupia ikiwa na weusi wake, watu wanaokusanya pesa za zamani wanaigombania. Ikishasuguliwa inakuwa na mikwaruzo, na inanunuliwa kwa uzito kama hereni iliyovunjika. Hiyo ndiyo hesabu ilikuwa kichwani mwangu wakati wewe ulikuwa na siku tatu tu tangu umzike mume wako.

Nafula aliniambia baadaye ulichokuwa unafanya nilipokukatiza. Ulikuwa unainua moja moja na kuambia watu ilikotoka. "Hii ni ya ule mama wa Kwanza alinyeshewa, nikampa sweta yangu. Hii ni ya ule mzee haoni vizuri, alikula ugali na kunde akaomba ingine abebee bibi yake." Ati ulikuwa umefika ya tano. Baba alikuwa anafunika sanduku na gazeti, na kumbe wote waliokuja kuuza walipita jikoni kwako kwanza. Mimi naweza kukuambia uzito wa kila rupia. Hakuna hata moja naweza kukuambia ilikuwa ya nani. Zile zilizobaki hukuzisema, Mama, na sasa ni wewe peke yako unazijua.

Nilimwambia Nafula anisaidie kukuomba msamaha kwa zile kelele. Akanijibu, "Wewe Wafula, unafikiri Mama amekasirikia kelele? Si alizaa sisi sita, kelele amezoea. Mama alisikia ile sauti ulinitumia."

Siku iliyotangulia mazishi nilimtumia Nafula sauti kwa simu. "Toa zile rupia kwa sanduku uende nazo Kibomet, zisigawanywe. Nimepata mtu wa kununua." Hivyo tu, bila hata pole. Akaifungua katikati ya sebule, sauti ya simu ikiwa juu, bila kujua ni nini iko ndani. Wewe ulikuwa umekaa kando ya jeneza na mkono wako juu ya mbao. Anasema hukugeuza kichwa. Nimejaribu kufikiria ulivyokaa pale na sauti yangu ikiuza vitu vya mume wako kabla hajatoka nyumbani kwake. Nisamehe, Mama. Nisamehe.

Yule mnunuzi nilimweleza zimesuguliwa, akataka kulipa uzito. Nikakataa. Zigawe rupia, kila mtoto achukue, na wajukuu pia. Fungu langu mpe Nafula. Ile pauni ya dhahabu kaa nayo wewe. Hiyo majivu hayaiharibu sana, dhahabu ni dhahabu. Ukipatwa na shida uiuze, lakini enda na Nafula, ipimwe mbele ya macho yako, uliza bei duka mbili, na usikubali kumwachia mtu ati utarudi kesho.

Nisalimie baba mdogo aliyesimamia mazishi kwa niaba yangu. Msalimie shangazi wa Webuye, mumewe, na mama mchungaji aliyekaa nawe zile siku za kwanza. Watoto wa Nafula waambie mjomba anawakumbuka.

Mama, hapa nilikuwa nimemaliza, nikaikunja karatasi. Nimeikunjua tena kwa sababu kuna neno moja Nafula halijui, na hakuna mtu analijua. Ruhusa nilipewa. Mkubwa wangu alinipa siku sita, akaniambia pole, akasema hata tiketi wangenikopesha. Mimi ndiye nilikataa. Yule mnunuzi alikuwa apite hapa Dubai wiki ile ile tupatane bei, nikaona nikija nyumbani nitamkosa. Baba alizikwa mimi nikiwa nimesimama mlangoni pa duka, nikimngojea mtu wa rupia.

Sasa umejua yote. Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani. Usiposhika nitaelewa, na nitapiga Jumapili ile ingine.

Ni mimi mwanao,
Wafula