Taa Hazipo, Kiti cha Nyuma Hakipo

Jumanne, 24 Septemba

Maharage yako motoni tangu asubuhi. Faustin yuko nje anaosha gari. Mara ya pili wiki hii, na leo ni Jumanne tu.

Nilistaafu ualimu nikidhani nitapumzika na mume wangu. Nimepumzika na mume wangu na Coccinelle yake. Gari la mgongo wa kobe, rangi ya maziwa, lina umri mkubwa kuliko binti yetu Divine. Alilikuta Kanama kuku wakitaga ndani. Miaka kumi na moja amelijenga upya, na vipande vingi vimetoka Goma kwa mkono wa dada yake Zaituni, anayevuka mpaka kila siku na biashara yake. Sasa maharusi wanaligombea. Jumamosi ya wiki ijayo ana harusi Mahoko.

Amelikatia hata bima kubwa, ile inayokulipa gari lako lenyewe likiharibika. Nilimwambia mimi mwenyewe sina bima kama hiyo. Akacheka, akaendelea kupaka nta.

Alhamisi, 26 Septemba

Faustin ni mzima. Naandika hilo kwanza.

Alikwenda Mahoko kuonana na familia ya bwana harusi. Akaegesha kando ya soko, akaingia dukani. Lori la viazi kutoka Bugeshi likakosa breki mteremkoni. Dereva akachagua gari tupu badala ya watu. Alichagua vyema. Nitamwombea. Bado nina hasira naye.

Ubavu wote wa upande ninaokaa mimi umeingia ndani. Bampa inaning'inia. Viazi hadi kwenye kiti cha nyuma. Gari la kuvuta limeliacha nje ya lango kwa sababu lango letu ni jembamba. Mvua imeanza.

Faustin amekaa sebuleni, ufunguo mkononi. Hajala. Nimemletea chai mara tatu.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo umuganda, kazi yetu ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Tulipangiwa kusafisha mtaro wa barabara yetu. Faustin hakutoka kitandani. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alimsamehe bila kuulizwa.

Majirani walifika na majembe, wakaliona gari, wakaweka majembe chini. Wengi wao liliwapeleka kanisani siku ya harusi. Hakuna aliyeamua. Ilianza tu. Jirani yangu Mukamana alifagia vioo vilivyovunjika. Wanaume wakafungua bampa iliyoning'inia, taa, vioo vya pembeni, kila kitu kilichokuwa karibu kudondoka. Kinyozi akabeba kiti cha nyuma kisinyeshewe. Kila mtu akaenda kuhifadhi kwake alichobeba.

Mimi nikachota maji, nikaliosha. Mkadiriaji wa bima anatoka Kigali Jumanne. Mgeni hawezi kukuta uchafu mlangoni kwangu.

Mwisho gari lilipendeza, maskini. Lilikaa kama mgonjwa aliyekwisha kuogeshwa. Nililia kidogo, nikaenda kwenye mkutano wa mtaa na macho mekundu.

Jumanne, 1 Oktoba

Mkadiriaji ni mwanamke, kijana kuliko Divine, viatu vizuri. Mpole. Alipiga picha, akaandika kwenye kompyuta yake ndogo, dakika ishirini. Chai alikataa. Faustin alibaki ndani; alisema hawezi kutazama mtu mwingine akiligusa. Aliniachia mimi nishughulike.

Sikuulizwa kitu. Sikusema kitu. Nilikuwa naona fahari jinsi palivyo safi.

Jumatano, 9 Oktoba

Barua imekuja. Nimeisoma mara nne.

Taa za mbele hazipo. Bampa haipo. Vioo vya pembeni havipo. Kiti cha nyuma hakipo. Kwa hiyo gari "halikuwa kamili kabla ya ajali", na bei yake wameikadiria kama chuma chakavu. Na kwa kuwa kulitengeneza kunazidi bei hiyo, basi gari limehesabiwa limekufa. Kampuni italipa hicho kidogo na kuchukua mabaki. Gari la kuyabeba litakuja Ijumaa tarehe 25. Mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na tano.

Mabaki. Yaani wanalichukua. Litauzwa kwa kilo.

Faustin alisoma, akaikunja barua kwa adabu kama ya mtu mwingine. "Bon. Njo vile," akasema, kana kwamba ndivyo dunia ilivyo. Akarudi kulala, saa nane mchana.

Anadhani yule mwanamke amedanganya. Hajui chochote kuhusu Jumamosi ile. Alikuwa kitandani kaangalia ukuta, na tangu ajali hataki hata kulitazama gari.

Mimi najua. Nilinyamaza. Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli, na leo nimenyamaza mbele ya mume wangu kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Zaituni amepita akitoka mpakani, bado na mzigo. Nilimsomea barua. Wifi yangu huyu, ambaye huniita mulamu, aliwaka.

"Taa haziko? Mulamu, mi nilizileta na hii mikono! Moja ndani ya kitunga ya ndizi, ingine juma iliyofuata. Mutu atasema namna gani haziko?"

Risiti? Akanicheka. Nani Goma anaandika risiti ya taa ya zamani?

Nimepiga simu kampuni. Nikasema tuna picha za harusi, gari zima, taa zote. Sauti ikanijibu vizuri kwamba picha ya mwaka jana inaonyesha mwaka jana. Haionyeshi asubuhi ya ajali. Ya siku ya ajali hatuna hata moja. Nani anampiga picha mgonjwa wake? Na polisi walichora tu mchoro, wakaandika namba.

Mchana nimepita nyumba kwa nyumba. Vipo vyote. Taa ziko kabatini kwa mkuu wa mudugudu, zimefungwa kwenye kitenge. Vioo viko kwa fundi cherehani. Bampa iko nyuma ya jiko la Mukamana, ameilaza juu ya magunia isikwaruzike. Kiti kiko kwa kinyozi. Amekiweka ukutani, na wateja wanangojea zamu juu yake. Aliona aibu akawainua wote. Nikamwambia wakae tu, wasijali.

Wamevitunza kuliko ambavyo ningevitunza mimi. Wangevitupa ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimemwambia Faustin. Baada ya misa, kabla hatujavua nguo za kanisani. Nilisema yote mfululizo: mtaro, bisibisi, ndoo, chai. Kwamba kama ningeacha uchafu ulivyo, yule dada angeona kila kitu. Kwamba tangu Jumatano nilijua.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali. Alivaa kofia, akatoka, akateremka kuelekea ziwani. Saa nzima ikapita. Ya pili ikapita. Nilipika, nikafunika, nikaacha. Niliogopa kweli. Niliwaza: ameoa mjinga, na leo ndipo amejua.

Alirudi jua likiwa bado halijazama. Akasimama mlangoni.

"Mama Divine. Ulilisukula na sabuni gani?"

Nikasema nililiosha na ya vyombo.

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ya vyombo! Juu ya rangi yangu!" Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye ngazi. Nami nikacheka, huku machozi yakinitoka. Ni mara ya kwanza tangu ajali. Alikula sahani mbili.

Nampenda huyu mtu. Naandika hivyo kwa sababu sisemi.

Jumatano, 16 Oktoba

Majirani wamerudisha vyote. Tumetandika mikeka, tukavipanga mbele ya gari, kila kimoja mahali pake. Faustin alitembea katikati yake taratibu. Amegusa kila kitu. Kola ya shati lake ilikuwa imenyooka. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe.

Tumelipa mkadiriaji wa pili, mzee anayefungua injini tangu enzi za wazazi wetu. Nilimweleza hofu yangu: kampuni itasema tumevileta baadaye kutoka kokote. Akainama juu ya bampa, akaiinua, akaishikiza kwenye gari. Mikunjo yake ikaingia sawasawa kwenye pengo la ubavu. Na penye mkunjo, rangi ya kijani. Rangi ya lori.

Mwili wa gari niliusugua ukang'aa, sikuacha alama hata moja. Bampa ilipona kwa sababu Mukamana aliondoka nayo kabla sijafika na sifongo.

Mzee ameandika kurasa tatu. Majirani tisa wametia sahihi wakieleza walichobeba na walikokiweka, mkuu wa mudugudu akagonga muhuri. Zaituni si wa mtaa huu, lakini alidai naye aandike. Aliandika ukurasa mzima. Nimetuma pingamizi leo hii hii, siku ya saba.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hakuna jibu. Gari la kubeba likaja.

Niliposikia honi niliinuka haraka. Faustin alitoka mbele yangu. Nilidhani atagombana. Akamsalimu dereva, akamwuliza safari, akamwekea kiti. Dereva alikuwa na karatasi yake na minyororo yake, na hakuwa na kosa. Faustin akamwonyesha nakala ya pingamizi na muhuri wa kupokelewa.

"Papa, mi nachukua tu kile waliniandikia."

"Najua. Piga simu kwanza. Nakuomba."

Alipiga. Wakamwambia asubiri. Alisubiri kwa muda wa saa tatu, akala nasi. Muda wote Faustin alisimama ameegemea gari, upande ulio mzima, mkono juu ya paa. Mume wangu haombi watu. Leo aliomba, na sauti yake haikutetemeka.

Simu ikalia. Faili linaangaliwa upya, arudi bila mzigo. Dereva alikunja minyororo, akatushukuru kwa chakula.

Faustin alisubiri mpaka gari lake likapinda kona. Kisha akaingia ndani akaniambia amechoka, nikae naye. Nikakaa.

Alhamisi, 7 Novemba

Jibu.

Wamekubali gari lilikuwa kamili. Wamekubali bampa. Bei wameipandisha mara mbili na zaidi. Bado haifikii gharama ya kulitengeneza, kwa hiyo kwenye karatasi zao limekufa hata hivyo. Lakini sasa tunaruhusiwa kubaki na mabaki, wakate bei yake kwenye malipo yetu. Kitakachobaki hakitanunua hata rangi.

Nilimsomea pole pole nikimtazama usoni. Nilikuwa tayari kuandika pingamizi lingine. Nilikuwa tayari kwenda Kigali na bampa kwenye basi.

"Linabaki?" akauliza.

"Linabaki."

Akaomba kalamu.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua asubuhi, kisha jua. Majirani wamelisukuma gari ndani jana. Ilibidi tubomoe nguzo moja ya lango.

Faustin amekaa kwenye kigoda tangu tutoke misa, anaandika orodha. Anasema peke yake, kwa mfuko wetu na mgongo wake, ni kazi ya miaka minane. Aliniambia hivyo kwa uangalifu, kama anayeomba ruhusa. Nikapiga hesabu ya umri wake, nikapiga na wangu, nikaziacha zote mbili.

Mwezi uliopita hakuwa anapanga hata chakula cha jioni.

Nimemwambia sawa. Ila aanze na mlango wa upande wangu.