Koki ya Chini ya Ukuta

Galu, 7 Desemba 2025

Kaka yangu Shutu,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile sikio la kushoto liwe limekubali dawa. Simu nimeiacha. Mara ya mwisho nilikupigia makelele mpaka Mwanapili akaja mbio kutoka kibandani kwake, mwiko wa mahamri mkononi, akidhani nimeona nyoka. Ile kompresa yako ya kujazia matairi ya malori imekumaliza masikio. Basi tuandikiane, na Mwanapili atakuwa akipeleka barua ofisi ya vifurushi pale Ukunda.

Mimi niko, alhamdulillahi. Eda inakwenda. Mashemeji walitaka nikaikalie kwao Msambweni, nikawaambia hapana, mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na nyumba yangu mimi na marehemu Salimu ni chumba hiki kimoja nyuma ya nyumba ya Madamu Beryl. Mpaka itakapokwisha, kabla ya Ramadhani inshallah, sitoki nje ya ukuta huu, sijipaki kitu cha kunukia, na mwanamume asiye maharimu yangu sikai naye. Naswali, nafagia, nalala mchana. Nimechoka, kaka, uchovu ambao usingizi hauutoi.

Sasa limezuka jambo la bustani. Zile sprinkla za pembe ya chini, karibu na mti wa mkungu, hazinyamazi. Ile saa inayoziwasha ikizizima, nyingine zote hurudi ardhini, lakini hizo hulia maji kutwa kucha. Pembe ile imekuwa kinamasi, vyura wamehamia. Na huku juu, mbele ya baraza ya Madamu, majani yanageuka rangi ya chai, kwa sababu tangi halijai. Pampu inakoroma tu kama mtu mwenye pumu.

Madamu yuko Nairobi. Tulipozika aliniambia, "Kaa mama, umalize eda yako, muradi bustani isife. Ikikushinda nitamleta Japheth." Huyo Japheth ni mtu wake wa bustani huko bara, na akija atakaa chumba hiki, maana hakuna kingine. Hapo mimi nitaitoa wapi eda yangu? Nitaibeba kichwani kama mkeka? Kila Jumatatu Madamu hunitumia ujumbe: Majani vipi? Nami hujibu: Yapo.

Yuko fundi kule Bongwe, lakini nitasimama naye vipi humu ndani peke yangu? Na Madamu akisikia fundi kaitwa, atajua kazi imenishinda. Wewe ndiye uliyeyazika mapaipu haya nyumba ilipokuwa ikijengwa. Sikuiti uje. Nakijua kiapo ulichokula pale getini siku Madamu alipokuachisha kazi akamweka Salimu, kwamba mguu wako hautapita tena hapo. Nakuomba maneno tu. Niambie nifungue nini.

Mdogo wako,
Mwanarusi

~

Mackinnon Road, 13 Desemba 2025

Mdogo wangu Mwanarusi,

Wa aleikum salaam, na marahaba. Sikio ni lile lile. Dawa inaingia, maneno hayaingii. Lingine linatosha kwa kusikia wadeni wangu wakinidanganya. Wifi yako anakusalimu na anakuombea subira.

Kinachovuja si sprinkla, ni valvu yake. Kila upande wa bustani una valvu yake inayouamrisha, na hiyo ya chini haijifungi. Nenda kwenye yasmini, upande jua linakotoka. Pekua udongo, utaona kifuniko cha kijani kama cha sufuria kubwa. Humo ndimo ilimo. Lakini kabla ya kuifungua shuka mpaka ukutani, kuna koki kubwa ya shaba. Ifunge mpaka igome. Ukisahau koki, maji yatakupiga usoni na barua hii utakuwa umeisoma bure.

Waya usiziguse. Toa skrubu za juu, nyanyua kifuniko polepole kwa sababu chini yake kuna springi, isije ikarukia majanini. Chini ya springi kuna mpira mweusi wa mviringo, na katika mpira huo kuna tundu dogo kama la sindano. Tundu hilo ndilo roho yake. Maji hupita hapo, hujaa juu ya mpira, huukandamiza, valvu inajifunga. Punje ya mchanga ikiketi chini ya mpira, mpira haukandamiziki sawasawa, na maji yanapata njia. Maji ya kisima cha hapo yana mchanga na chokaa, nilimwambia Madamu tangu siku ile.

Uoshe kwa maji safi, ukague, uurudishe kama ulivyoukuta. Skrubu kaza huku kidogo na kule kidogo, kama tunavyofunga tairi la lori. Usikaze kwa hasira.

Kuhusu hilo la getini, siku ya maziko niliingia kaburini nikampokea Salimu kwa mikono hii. Kisha nikaja mpaka getini kwenu. Nikaishia hapo. Nadhani uliambiwa.

Kaka yako,
Shutu

~

Galu, 22 Desemba 2025

Kaka yangu Shutu,

Shikamoo, na salamu kwa wifi. Niliambiwa, ndiyo. Mwanapili alikuona. Alisema ulisimama na kofia mkononi, watu wakikupita kuingia, kisha ukageuka. Sikulia siku ile mpaka niliposikia hilo.

Valvu nimeifungua. Ndani ya boksi la valvu alikuwemo chura mkubwa kashiba, ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Nikamwambia, "Bwana, ondoka, humu mna kazi." Hakuondoka. Nilimtoa kwa kipande cha khanga huku nasoma kila aya ninayoijua. Nguo zangu za eda zilijaa tope mpaka magotini, nikawaza, laiti Salimu angeniona angecheka mpaka akae chini.

Mpira ulikuwa kama ulivyosema, na mchanga ulikuwepo, mdogo mdogo kama chumvi. Nimeuosha. Kisha nikaona umekakamaa, nikaupaka mafuta ya nazi ndani na nje. Chupa yangu ya kichwani imekaa tu tangu nianze eda, nayo ina maua ya yasmini ndani, siwezi kujipaka, nikaona isioze bure. Nimerudisha kila kitu, nimefungua koki, na tangu juzi pembe ya chini imenyamaza. Nilikaa barazani nikaisikiliza ikinyamaza, nikasema alhamdulillahi.

Kitu kimoja kimenishangaza. Ile koki ya chini ya ukuta, mwili wake wote umeota kutu ya kijani, lakini mpini unang'aa kama mchi wa kinu. Nani anaishikashika? Mimi sijawahi kujua kama ipo.

Mdogo wako,
Mwanarusi

~

Mackinnon Road, 2 Januari 2026

Mdogo wangu Mwanarusi,

Marahaba. Sisi wazima, vumbi tu.

Mafuta ya nazi? Nani alikwambia mafuta? Nimeandika maji safi, nimerudia kuisoma barua yangu kichwani, mafuta hayamo. Mafuta kwa mpira ni sumu. Huo mpira utavimba kama andazi, hautaketi tena. Hapa nawafukuza matingo wa malori kila siku na grisi zao. Nyinyi wanawake wa pwani mkiona kitu kigumu mnakipaka nazi, awe mtoto, uwe mlango. Haya, yameshapita. Nitakutafutia mpira mwingine nikiteremka Mombasa.

Hilo la koki nimelifikiria siku nyingi ndipo nikachelewa kujibu. Valvu haiharibiki siku mtu anapokufa, Mwanarusi. Hiyo imekuwa ikivuja miaka. Salimu alikuwa akiifunga koki kwa mkono kila sprinkla zinapomaliza, na kuifungua kabla hazijaanza. Saa ile niliitega alfajiri. Basi kila alfajiri mumeo alishuka ukutani. Ndiyo maana hukuona kinamasi mpaka alipoondoka.

Mimi nilimfundisha kuchimba mtaro na kubeba paipu. Kufungua valvu sikumfundisha, nilijiwekea mwenyewe. Na namba yangu ya simu alikuwa nayo.

Koki hiyo usiizoee. Haikutengenezwa kufungwa na kufunguliwa kila siku, kwa ndani itakuwa imelika. Siku itakayokatika hakuna kingine cha kuyazuia maji ila kuzima pampu.

Kaka yako,
Shutu

~

Galu, 15 Januari 2026

Kaka,

Shikamoo. Natumai nyote wazima. Leo nitaandika kidogo, mkono mzito.

Mpira ulivimba. Ulisema kweli. Barua yako ilipofika, pembe ya chini ilikuwa imeanza tena kulia. Sikuwa na la kufanya, nikafanya kama alivyokuwa akifanya yeye. Nilikuwa naamka kabla ya adhana, nashuka ukutani na tochi ya simu, nafungua, nakaa juu ya ndoo niliyoikuta pale imepinduliwa mpaka maji yamalize, nafunga, napanda kuswali.

Miaka yote ile nilikuwa nikimsikia akitoka. Nilidhani anawahi msikitini. Nilikuwa nikiwaringia wanawake wenzangu: mume wangu huwa wa mwanzo safu ya mbele. Kumbe alikuwa juu ya ndoo. Hata mimi hakuniambia, maana angeniambia ningekwambia wewe, na hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Wanaume wawili, na koki moja. Mungu amrehemu.

Jumapili mpini ulinibakia mkononi. Haukukatika kwa kishindo, ulitoka tu kama jino la mzee, na maji yakawa yanakwenda. Nimezima pampu. Sasa hakuna maji upande wowote, juu wala chini. Jua la mwezi huu unalijua. Majani mbele ya baraza yanavunjika ukiyakanyaga. Jumatatu Madamu aliuliza, Majani vipi? Nikashindwa kuandika Yapo. Ningedanganyaje nami niko edani? Nikamwambia ukweli. Akajibu kwa upole, si mtu mbaya, kwamba mwisho wa mwezi Japheth anakuja na vifaa vyake, na mimi nijitayarishe kwenda kwa shemeji zangu.

Najua kazi hii sasa ni ya kukata paipu na kugandisha, na barua haikati paipu. Usihangaike kuniandikia namna. Nimeanza kufungasha vyombo. Eda itakayobaki nitaimalizia ugenini, na Mwenyezi Mungu ni mwenye kusamehe, anajua sikutoka kwa kutaka.

Mwanapili alihudhuria darasa la wanawake wiki hii, akaja kunihadithia yote dirishani kama afanyavyo. Mwalimu alizungumzia viapo. Alisema mtu akiapia jambo kisha akaona lililo jema kuliko kiapo chake, na alitende lile jema, na kiapo akitolee kafara kwa kulisha masikini kumi. Nakuhadithia tu, kwa kuwa ndiyo habari za hapa.

Mdogo wako,
Mwanarusi

~

Mackinnon Road, 20 Januari 2026

Mwanarusi,

Marahaba. Wazima.

Kuna lori limevunjika ekseli hapa, na mengine yamekwama nyuma yake. Matingo wanashinda na njaa. Jana wifi yako alipika wali na maharage ya nazi, tukawakusanya wasio na kitu. Walikuwa kumi. Alifika wa kumi na moja tukampa naye, nisije nikawa nimehesabu vibaya. Walikula wakaniombea dua bila kuuliza ni kwa ajili ya nini. Shehe wa hapa alisema si lazima wajue.

Valvu nimeshanunua, na koki, na gundi. Vyombo virudishe mahali pake.

Geti lile hufungwa kwa ndani. Najua, maana komeo nililipiga mimi. Ijumaa baada ya sala uliache wazi.

Kaka yako,
Shutu

~

Galu, 10 Februari 2026

Kaka yangu Shutu,

Asalaam aleikum, na shikamoo, na shikamoo ya wifi mpelekee. Natumai ulifika salama na mgongo umetulia. Miwani yako ya kusomea uliisahau juu ya boksi la valvu. Nimempa Mwanapili aifunge pamoja na barua hii, kwa hiyo kama unaisoma bila kukunja uso, imefika.

Eda yangu imekwisha jana, katika chumba hiki hiki. Nimekoga, nimevaa khanga mpya, nimetoka mpaka barabarani nikasimama tu. Mwanapili alinipa andazi la moto na kusema nimekonda mpaka shingo inaonyesha mifupa.

Madamu alipoona picha za majani yanachipua upya alisema Japheth asubiri nimalize eda. Amefika leo asubuhi. Kijana mpole, kaona koki mpya akauliza, "Hii ilifungwa na nani, mama?" Nikamwambia, kaka yangu, yeye ndiye aliyeyazika mapaipu yote. Nimemwonyesha pia boksi la yasmini. Chura amerudi, nimemwambia asimfukuze. Mimi kesho nahamia Kinondo kwa Mwanapili, tutakaanga mahamri pamoja. Usiwe na wasiwasi.

Watu wananiuliza ulipofika getini ulisema nini. Nawaambia alisema, "Nilidhani litaniangukia," kisha akaomba jembe. Hayo mengine, namna ulivyokaa juu ya ile ndoo baada ya kazi, nimejiwekea mwenyewe.

Ila kuna jambo sijakwambia, kwa sababu siku ile ulikuwa umeshaondoka. Alfajiri ya kwanza baada ya wewe kutengeneza, nilikuwa macho kitandani. Sprinkla zilianza zenyewe. Zilinyunyiza, nikawa nahesabu tasbihi. Kisha nikasikia zikirudi ardhini zote, na zile za chini pia, na valvu ikajifunga kimya, haikuhitaji mtu. Nilingoja. Mlango haukulia. Hakuna aliyetoka.

Hapo ndipo nilipojua kuwa Salimu amekufa.

Niliamka nikaswali.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanarusi