Gauni Jeupe na Maji ya Kisima

Temeke, Dar es Salaam
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama, na Baba naye shikamoo. Mguu wake umepona? Na ukungu wa Lushoto umewaachia japo jua kidogo la kuanikia mahindi? Mimi ni mzima, nimenenepa, na nina furaha mpaka najichekea mwenyewe. Elia wangu akitoka kazini bandarini huanza kuniita tangu njiani, mtaa wote ukasikia. Tuna chumba kimoja na ua, lakini mimi naona kama nimeolewa ikulu. Ningeandika zaidi, ila naona haya.

Kitu kimoja tu kilinitoa machozi, nacho ni maji. Huko kwetu sabuni ikigusa maji ya kijito, povu linajaa beseni. Hapa maji ya kisima ni maangavu kabisa, lakini nilisugua karibu mche mzima nikapata utandu wa kijivu kama maziwa yaliyokatika. Nikadhani nimeuziwa sabuni mbovu. Nikaongeza nyingine, nikazidisha na buluu ya kung'arishia nguo, na mashati meupe ya Elia yakatoka na mabaka kama ramani! Bi Mwanaidi, jirani yetu, alicheka mpaka akakaa chini.

"We bibi arusi! Mie nilimzoea mumeo anang'aa, leo umemgeuza jivu?"

Katikati ya aibu hiyo akafika mama mkwe kutoka Korogwe. Unajua desturi: mke wa mwanawe ndiye amfulie nguo za safari na gauni la kanisani. Alinipa kanga tu. Gauni lake jeupe alilifungia kwenye sanduku la bati, kwa kuwa alikwisha kuliona shati la mwanawe. Kule kulifungia ndiko kulikoniuma.

Juzi nikiosha birika, nikaona ndani limeshika gamba jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Hapo nikakumbuka darasani: maji magumu! Yamepita kwenye mawe ya chokaa, na chokaa hiyo huila sabuni kabla haijafika kwenye nguo. Mama, swali hilo nililijibu kwenye mtihani, wala sikujua kama litakuja kunikalia jikoni.

Nilipomweleza Elia, hakunicheka. Alitafuta chupa tatu. Moja tukatia maji ya mvua, moja ya kisima, na ya tatu ya kisima yaliyotiwa magadi, ambayo darasani tuliambiwa huishusha chokaa chini. Kila moja kipande cha sabuni sawasawa.

"Haya, mwalimu wangu, nitikise mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie basi."

Ya mvua ikajaa povu hadi shingoni. Ya kisima, utandu tu. Ya magadi, Mama, povu likapanda! Tukapiga kelele, mama mkwe akachungulia mlangoni. "Nyie watoto, mmepatwa na nini?"

Sasa ndoo ya kufulia naitia kijiko kidogo cha magadi, nakoroga, naacha uweupe ukae chini, kisha nachota ya juu polepole. Ya kunywa nayachemsha bila magadi, yakitulia namimina ya juu. Na mvua ikinyesha, kila chombo chetu kiko chini ya bati.

Leo asubuhi nimeyafua upya mashati ya Elia, nikayaanika. Mama mkwe akaja kambani, akashika kola, akaigeuza, akanusa. Akaingia ndani. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Akatoka na lile gauni, akaniwekea begani.

"Ukosi wake umechakaa," akasema. "Usiusugue sana, mwanangu."

Mwanangu, Mama! Ameniita mwanangu!

Nisalimie Bibi aliyenilea, kaka yangu seremala na mkewe, na shangazi aliyenisuka nywele siku ya harusi. Elia anawaamkia nyote kwa adabu.

Naishia hapa, maana maji yameshatulia ndooni na gauni linanisubiri.

Bintiyo akupendaye, mwenye mikono ya povu,
Hilda