Nimejishona kwenye Blanketi la Mama Mkwe

Shoga, uko wapi? Nimenasa. Si utani, NIMENASA!

Leo nimewaleta wanafunzi wangu wa kushona kwa mama mkwe, tumsaidie kumalizia lile blanketi lake la viraka. Yeye anapinda ukingo wa kule, mimi wa huku, blanketi limetulalia mapajani.

Nimefunga uzi, navuta blanketi, gauni linakuja nalo! Nimelishonea humo humo!

Na muda si mrefu uliopita nilikuwa nawafokea wanafunzi: "Pitisheni mkono chini ya kitambaa kabla ya kushona!" Mimi. Kwa mdomo huu huu.

Mama mkwe naye hachoki: "Simama mwalimu, uwaonyeshe kazi." Nikisimama, gauni linapanda na blanketi. Nikifumua, wote wanaona.

Nikamwambia, "Mama, wakubwa hutangulia. Anza wewe."

Hakuinuka.

"Simama tu, mwanangu."

"Wewe kwanza, mama."

Akanikazia macho, akainua pembe ya blanketi upande wake, kidogo tu. Gauni lake likainuka nalo.

Shoga, njoo na magauni mawili. Pitia mlango wa nyuma.