Gololi Moja Imebaki, Baba

Baba,

Assalaam alaykum. Nilipokuwa bwenini barua zangu zote nilizianza kwa "natumai u mzima wa afya", nawe ukaniambia niache, kwa sababu mtu akiwa mgonjwa maneno hayo humwongezea maumivu. Basi hii siianzi hivyo. Naianza na habari ya baiskeli ya Mzee Kindamba, maana najua ndiyo unayoisubiri.

Imefungwa. Inatembea. Sasa tulia nikueleze, kwa kuwa hapo katikati kuna aibu, na nyingi ni yangu.

Kwanza aibu ya shule. Niliporudi kazini baada ya kukuzika, nilikuta mwalimu wa Hesabu amehamishwa. Mwalimu Mkuu akatazama ofisini, tulikuwa wanne, akanikabidhi mimi Darasa la Saba. Mimi, Baba! Mimi niliyekuletea ripoti ya Hesabu ukaigeuza juu chini, ukidhani labda umeishika vibaya. Nikamwambia mimi ni wa Kiswahili na Historia. Akasema huku delta hakuna mwalimu wa kuchagua, na anayetaka kwenda kulalamika asubiri maji yajae, boti itampeleka Nyamisati.

Siku ya kwanza ya milinganyo nikaandika ubaoni: 3x + 5 = 20. Watoto arobaini na tatu wakanikodolea macho. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba tunataka x ibaki peke yake, kwa hiyo tunagawanya kwa tatu. Nikaigawanya 3x, tatu ikaondoka. Nikaigawanya ishirini, ikawa sita na theluthi mbili. Ile tano nikaiacha palepale, kwa kuwa haikuwa imenisumbua. Halafu nikaitoa. Jibu: moja na theluthi mbili. Nikapiga mistari miwili chini yake.

Kuna binti mmoja anaitwa Siwema, wazazi wake wanavua kamba. Huyo ukimwambia leo Jumatatu atauliza nani kasema. Akanyoosha kidole.

"Madam, nimeirudisha. Moja na theluthi mbili mara tatu ni tano. Ongeza tano, kumi. Mbona kitabuni ni ishirini?"

Nikatazama ubao. Nikatazama kitabu. Halafu nikasema uongo, Baba. Nikasema kitabu kimekosewa huko kiwandani, ilitakiwa iwe kumi. Watoto arobaini na wawili wakafuta ishirini kwenye vitabu vya serikali, wakaandika kumi. Siwema peke yake hakufuta. Alinitazama vile ulivyokuwa ukinitazama wewe nikikuletea spana isiyo yenyewe.

Siku tatu baadaye shule ikafungwa, nikakimbilia Kibiti kwenye arobaini yako. Kwenye kibanda chako cha ufundi nikakuta ndoo.

Sijui kama hii ulipata kuiona kabla hawajakutoa nyumbani. Siku ya maziko Shangazi Mwajuma alitaka mahali pa kuweka masufuria ya pilau. Akakuta gurudumu la nyuma la Mzee Kindamba limefumuliwa juu ya gunia, na vyuma vimepangwa mstari kama kawaida yako, kimoja baada ya kingine kwa jinsi vilivyotoka. Yeye akaona uchafu. Akavikumba vyote kwenye ndoo, na gunia akalikung'uta. Nilipomuuliza, akaniambia alikuwa anakusitiri.

Sasa Mzee Kindamba. Kila wiki anakuja kutoka Dimani kwa miguu, nazi kichwani. Anatoa pole, anakunywa chai, anatoa pole tena, halafu anaitazama ndoo. Jumanne baada ya arobaini akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nimekaa kimya siku zote hizi kwa heshima ya marehemu. Ijumaa nikija, ama naondoka na baiskeli ama naondoka na ndoo. Nitampelekea Saidi hapo ng'ambo ya barabara."

Saidi, Baba! Saidi anayepaka grisi mpaka kwenye kengele. Saidi uliyesema hata kiraka cha tyubu humwachii. Kazi yako ya mwisho duniani aimalizie Saidi, halafu asimulie kutoka Kibiti mpaka Mchukwi kwamba fundi fulani alikufa akashindwa gurudumu. Nikamwambia Mzee Kindamba aje Ijumaa na asijisumbue kutembea wakati wa kurudi.

Jumatano asubuhi nikatandika gunia, nikamimina ndoo. Nilikuwa sijashika spana tangu niende chuo. Nikaingiza koni inayozibana gololi, nikakumbuka gololi zenyewe. Nikatoa koni. Nikaweka gololi bila grisi, zikamwagika, nikaanza kuzitafuta pamoja na kuku wa jirani, ambaye naye alikuwa ameziona. Nikakaza nati ya kushoto kwa furaha, kumbe madigadi ya kukinga tope bado iko chini sakafuni. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeifunga na kuifungua mara nne, na Saidi alikuwa amesogeza benchi lake barabarani ili aone vizuri.

Nikakaa chini. Nikakusikia kabisa, na ile sauti yako ya kukwaruza: "Usiangalie unachotaka kutoa. Angalia kilichokaa nje kabisa."

Ndani kabisa ni ekseli. Jirani yake gololi na koni. Kisha fremu, kisha mkono wa madigadi, na nje kabisa nati. Nati ndiyo iliyoingia mwisho, kwa hiyo ulipofungua ndiyo iliyotoka kwanza. Hata Shangazi angekung'uta magunia kumi, mpangilio ule asingeweza kuumwaga, kwa sababu vyuma vyenyewe vinaujua.

Nilikuwa na chaki mfukoni. Nikaandika sakafuni: 3x + 5 = 20.

Ndani kabisa ni x. Tatu imemganda, imemzidisha, hiyo ndiyo koni. Tano imekuja baadaye, imejumlishwa kwa nje, hiyo ndiyo nati. Na mimi, Baba, mbele ya watoto arobaini na tatu, nilikuwa naivuta koni na nati bado imekazwa! Nikaanza upya. Ilijumlishwa tano, basi naondoa tano. Naondoa na kwenye ishirini, inabaki kumi na tano, maana ukilegeza kushoto sharti ulegeze na kulia, la sivyo gurudumu linalala upande na kusugua fremu. Sasa tatu. Ilizidisha, basi nagawanya, huku na huku. x ni tano.

Halafu nikakumbuka kwamba hujapata kumkabidhi mtu baiskeli kabla hujaipanda mwenyewe mpaka msikitini na kurudi. Nikaipandisha ile tano. Mara tatu, kumi na tano. Ongeza tano, ishirini. Imerudi! Nikapiga kelele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko.

Baada ya hapo gurudumu lilikuwa kazi ya nusu saa. Nikajifunga kanga mbili, nikaipanda mpaka msikitini na kurudi. Watu wakatoka madukani kumtazama mwalimu mzima anapiga pedeli. Haikulia, haikuyumba. Nikampungia Saidi mkono kama bibi harusi. Nikashuka, nikainama kukunja gunia.

Gololi moja imebaki.

Unajua nilivyojisikia? Kama nina miaka tisa. Maana ndivyo ilivyokuwa kila nilipokufungia gurudumu. Namaliza, nageuka, gololi moja juu ya gunia, nawe bila kuinua macho: "Hujamaliza. Rudi." Narudi, nafungua, nahesabu: tisa upande huu, tisa upande ule, hakuna iliyopungua. Nafunga. Nikigeuka tena, ile ya ziada haipo. Miaka yote ile nikajua kwamba mimi ndiye nisiyejua kuhesabu. Imani hiyo nimekwenda nayo sekondari, nimekwenda nayo chuo cha ualimu, na ndiyo niliyoingia nayo Darasa la Saba.

Nikafungua tena. Tisa upande huu, tisa upande ule. Nikafunga. Nikageuka.

Ilikuwa bado ipo.

Hapo ndipo nilipolia, Baba. Sikulia makaburini, watu walikuwa wengi na Shangazi alikuwa ananishika mkono kwa nguvu mno. Nililia kibandani kwa ajili ya gololi ambayo haikupotea. Mama akaja akakaa kwenye ile ndoo, kwa kuwa sasa ilikuwa tupu.

"Babaako huyo," akasema. "Ile gololi ilikuwa ya mfukoni mwake. Alikuwa akiichomeka kwenye vyuma makusudi, ili ufungue mara ya pili uone mwenyewe kwamba ulipatia. Ukiinama tu, anaichukua. Hata Alhamisi ile. Kaifungua baiskeli ya watu, haina ugonjwa wowote, inataka grisi tu. Kapanga vyuma vyake, mwisho kaitoa mfukoni nikimwona. Kasema Zuhura anakuja Jumamosi, ataifunga yeye. Kaniambia nisikwambie."

Na Alhamisi hiyo ndiyo uliyonipigia simu ukasema nikija nije na nguo ya kuchafua. Nilidhani ni paa la jiko. Usiku wake presha ikapanda, na asubuhi ulikuwa hupo.

Nimekukasirikia, nakwambia kweli. Nimeogopa Hesabu miaka ishirini kwa gololi moja! Kama ulitaka kunionyesha kwamba nimepatia, mdomo si ulikuwa nao? Nilikaa na hasira hizo mpaka alasiri. Halafu nikajaribu kukufungua na wewe kwa njia yako, kuanzia kilichokaa nje kabisa. Nikaondoa kaburi. Nikaondoa gari la hospitali. Nikaondoa presha. Nikafika Alhamisi mchana, na hapo nikakukuta kibandani umechutama, unapanga vyuma vya mtu ambaye baiskeli yake haina ugonjwa, unacheka peke yako. Hasira ikaisha.

Mzee Kindamba alikuja Ijumaa. Akaizunguka mara tatu, akaipanda, akarudi, akasema kengele haina grisi. Nikamwelekeza kwa Saidi.

Jana shule ilifunguliwa, nikaingia darasani. Nikawaambia watoto kitabu hakikukosewa, aliyekosea ni mimi, na nilisema uongo kwa sababu niliona haya. Kisha watoto arobaini na wawili wakafuta kumi wakaandika ishirini, na vitabu vya serikali vimetoboka. Nikageuza baiskeli ya Mwalimu Mkuu magurudumu juu mbele ya ubao, nikawafungulia la nyuma. Tukafanya na 2x − 7 = 9. Nikawaambia hii saba ni pedeli ya kushoto, inafunguka kwa kuzungusha kinyume: ilipunguzwa, basi tunaongeza. Kumi na sita, gawanya kwa mbili, nane. Nikamwita Siwema airudishe. Mara mbili kumi na sita, toa saba, tisa.

"Imerudi," akasema. Kisha akaongeza, "Leo."

Barua hii nikija Kibiti nitaiweka kwenye sanduku lako la spana, chini ya ile namba kumi na tano. Nakuahidi mambo mawili. Sitapiga mstari chini ya jibu ambalo sijalipandisha mpaka msikitini. Na gololi yako ninayo mfukoni. Safari ijayo Siwema atafunga gurudumu mwenyewe, na atakapogeuka ataikuta juu ya gunia. Nitamwambia hajamaliza, arudi. Lakini akishahesabu, Baba, mimi nitamwambia kwamba amepatia.

Mola akulaze pema. Tisa upande huu, tisa upande ule. Nilikuwa najua kuhesabu.

Mwanao,
Zuhura